Fundi, usichome vile vipande

Jumamosi nilipita kwa fundi wangu Sinza kuchukua gauni. Nikamkuta kijana wake kajaza kiroba kizima cha mabaki ya vitenge, kiberiti mkononi. "Nachoma, dada. Hivyo ni viraka tu."

Viraka tu! Khanga tunayobebea watoto na kumpokelea bi harusi, asili yake inasimuliwa pwani nzima: karne ya 19 wanawake walinunua leso za mkononi, wakazikata tatutatu, wakaunga safu mbili, ikapatikana nguo moja pana. Vazi letu la heshima lilianza kwa kuunga vipande, leo tunavitia moto.

Nakubali, fundi halipwi kwa mabaki, na wateja wamemkalia kooni. Basi atupatie sisi tunaoshona mashuka ya vipande.

Maana kazi yenyewe haihitaji ufundi mkubwa. Kata vipande virefu vitatu, kila kimoja upana wa inchi 2½. Viunge kwa ubavu, upate upana wa inchi 6½, kisha ukate miraba ya inchi 6½. Unapoipanga, mmoja mistari isimame, unaofuata ilale. Kitenge kipya kiloweke kwanza, kisije kikachuja au kurudi baadaye.

Ila mshono uwe robo inchi kutoka ukingoni. Hapa sibembelezi. Wengi wanakadiria kwa jicho, na mraba wa kwanza unapendeza kweli. Ukifika wa nane, pembe hazikutani, unaanza kuvuta kitambaa, shuka linajikunja katikati, unafumua usiku kucha. Nimefumua hivyo mara mbili, na mara ya pili nililia. Sasa nimebandika plasta kwenye bamba la cherehani, robo inchi kutoka kwenye sindano, na ukingo wa kitambaa unafuata plasta. Kila mshono naupiga pasi kabla ya kugusa unaofuata, naulaza upande wa rangi iliyokoza ili usionekane kwa juu.

Bibi yangu Temeke hakuwa na pasi ya umeme wala futi. Alipimia kidole gumba, na shuka lake la vipande ndilo nililolalia utotoni. Kona moja ilikuwa na kitambaa cha gauni la mama. Nilikuwa nalala nimekishika.

Kile kiroba nilikibeba. Nina miraba 31; shuka la mtoto, miraba 8 kwa 10, linataka 80. Fundi ameahidi kuniwekea kingine Jumamosi.