Bibi na Babu Wanapolazwa: Uingereza na Nyumbani

Nafanya kazi ya uuguzi katika wodi ya wazee nchini Uingereza, na kuna jambo ambalo ningependa tulijadili kwa uzito zaidi nyumbani Tanzania: bibi na babu wa umri mmoja, hata wakilazwa siku moja, hawaugui kwa namna moja. Wanawake huishi miaka mingi kuliko wanaume, lakini mingi ya miaka hiyo ya ziada huwapita wakiwa na maumivu ya viungo, mifupa iliyodhoofika baada ya hedhi kukoma na dawa lukuki za kila siku. Wanaume wengi huwa wameshatangulia mbele ya haki, na waliobaki mara nyingi huletwa na maradhi ya moyo, mapafu au tezi dume yaliyokwisha kukomaa.

Nyonga iliyovunjika huonyesha tofauti hiyo waziwazi. Wanaovunjika wengi ni akina bibi, ilhali uwezekano wa kufariki baadaye ni mkubwa zaidi kwa akina babu, ambao huingia hospitali na magonjwa mengine mazito na ambao, baada ya upasuaji, hupatwa na hali ya kuchanganyikiwa ghafla mara nyingi zaidi kuliko wanawake. Huku kuna rejista ya taifa ya wagonjwa hawa tangu mwaka 2007, upasuaji unalengwa kufanyika ndani ya saa 36, na mgonjwa husaidiwa kusimama mapema iwezekanavyo. Nyumbani bado wapo akina bibi wanaofungwa uzito mguuni wa kuvuta mfupa, badala ya upasuaji, na kulala kitandani kwa wiki kadhaa, hadi vidonda vya mgongoni na nimonia viwapate, na hilo linaniuma sana.

Sisemi kwamba huku kumekamilika. Nimewaona wajane waliokwisha kupona wakiendelea kukaa wodini kwa kuwa hakuna wa kuwapokea, jambo ambalo kwetu ni nadra, kwani mgonjwa huogeshwa, hulishwa na kukeshewa na ndugu zake. Lakini uuguzaji huo, ambao tunajivunia kwa haki, nao hauwafikii wote sawasawa. Babu huuguzwa na mkewe. Zamu ya mke ikifika, mara nyingi ameshakuwa mjane, na anayekaa kando ya kitanda ni binti aliyefunga genge lake, huku akihesabu siku ambazo watoto wake wanakula kwa kukopa.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 imewatambua wenye miaka 60 na zaidi, na hospitali zetu nyingi zina dirisha la wazee. Ningetaka mzee anayepita hapo na kulazwa aulizwe zaidi ya umri na kitambulisho: bibi aulizwe kama ameanguka mwaka huu na kama anaweza kuzuia mkojo, ndugu wa babu waulizwe kama ameanza kuwasahau watu usiku, na wote wawili waulizwe ni nani atakayewapikia wakiruhusiwa. Muuguzi anaweza kuyauliza hayo yote leo, bila mashine yoyote.