Kikao, Simu na Mtu Usiyekubaliana Naye

Malalamiko haya yamezoeleka: simu zimetumaliza. Zamani watu walikuwa na vyama, kwaya, timu na vikao. Leo kila mmoja ameinamia kioo chake na siasa imegeuka matusi. Wapo wanaojibu kwamba intaneti imewapa sauti walionyimwa sauti, na kwamba wanaolilia vikao vya zamani wamesahau ni nani waliokuwa wakiachwa nje ya mlango. Kila upande una ukweli wake, lakini naona pande zote mbili zinaanzia mahali pasipofaa.

Wanaolalamika hawasemi ovyo. Mwaka 1995 mwanasayansi ya siasa wa Marekani, Robert Putnam, alieleza jinsi Wamarekani walivyokuwa wakijitoa katika vyama na mikutano. Mfano wake uliovuma ni wa mchezo wa kuangusha vigingi kwa mpira: kati ya 1980 na 1993 wachezaji waliongezeka kwa asilimia 10, huku wanaocheza katika ligi wakipungua kwa asilimia 40. Watu hawakuuacha mchezo, waliacha kuucheza pamoja. Na kati ya washukiwa wake hapakuwa na simu ya mkononi. Aliyenyooshewa kidole zaidi alikuwa televisheni.

Shaka hiyo ilipimwa baadaye katika kisiwa cha Java, Indonesia. Mwanauchumi Benjamin Olken alitumia milima kama kipimo: vijiji viwili vinaweza kukaribiana, kimoja kikapata mawimbi vizuri na kingine kikafichwa na kilima. Kule ambako televisheni na redio zilishika vizuri, watu walishiriki kidogo zaidi katika vikundi vya kijiji, na walisema wanaaminiana kidogo zaidi. Hapo walalamikaji hushangilia na kufunga kitabu. Wangesoma mbele kidogo: alipochunguza mijadala ya mikutano ya kijiji na wizi katika miradi ya barabara, hakuona kwamba mambo yameharibika kwa sababu hiyo. Vikundi vilipungua, uongozi haukuwa mbaya zaidi.

Jambo hilo linapaswa kututoa katika imani kwamba chama ni dawa, na ukikinywa kwa wingi demokrasia inapona. Ushahidi unaoniuma zaidi unatoka Ujerumani ya kabla ya Hitler. Watafiti watatu, Satyanath, Voigtländer na Voth, walikusanya habari za vyama katika miji 229 ya wakati huo, kuanzia vya waimbaji na wafugaji hadi vya wanajeshi wa zamani. Pale vyama vilipokuwa vingi, chama cha Wanazi, yaani chama cha siasa cha Hitler, kilipata wanachama upesi zaidi. Haikuwa kwa vyama vya kijeshi peke yake, hata vya waimbaji vilikuwa njia. Tukilitafakari, hatushangai: anayekuamini katika kwaya atakusikiliza ukimkaribisha kwenye mkutano wa siasa. Uhusiano ni mfereji, unapitisha kinachotiwa ndani yake. Walichogundua pia, na mimi nakitilia uzito mkubwa, ni kwamba katika majimbo yaliyokuwa na serikali tulivu wingi wa vyama haukwenda sambamba na kasi hiyo.

Sasa upande wa teknolojia. Siku ya uchaguzi wa Bunge la Marekani mwaka 2010, Facebook iliwaonyesha watu wapatao milioni 61 ujumbe wa kuwahimiza kupiga kura. Baadhi waliupata ujumbe mtupu, wengi waliupata ukiwa na picha za rafiki zao waliokwisha kupiga. Ujumbe mtupu haukufanya kitu. Wenye nyuso ulifanya, na watafiti walikadiria kura 340,000 za ziada, nyingi zikipitia kwa marafiki wa karibu, wale ambao huenda wanaonana pia nje ya mtandao. Mashine ilikuwa ileile, kilichosogeza mguu wa mtu hadi kituoni ni uso anaoufahamu.

Kuna majaribio mengine mawili ambayo kila nikiyaweka pamoja naona mjadala wetu ulipokosea. Kabla ya uchaguzi wa Marekani wa 2018, watumiaji wa Facebook walilipwa wazime akaunti zao kwa wiki nne. Walitumia muda zaidi na familia na marafiki, misimamo yao ya kisiasa ikasogeleana kiasi, ingawa pia walijua habari kidogo zaidi. Mwaka 2019 jaribio la namna hiyo likafanywa Bosnia na Herzegovina, katika siku za kumbukumbu ya mauaji ya Srebrenica, ya maelfu ya Waislamu wa nchi hiyo mwaka 1995. Huko waliozima waliwaona watu wa makabila mengine vibaya zaidi, hasa wale ambao mazingira yao ya kila siku yalijaa watu wa kabila lao tu. Kwao mtandao, pamoja na ubaya wake wote, ulikuwa dirisha. Walipolifunga walibaki na sauti za nyumbani.

Kwa hiyo swali la "simu au kikao" halitufikishi popote. Mimi ningeuliza hivi: je, uhusiano huu unamlazimu mtu kumwona tena, kesho na keshokutwa, yule asiyekubaliana naye?

Chukua tuhuma moja katika sehemu mbili. Katika kikao, mjumbe anasimama na kumshutumu mweka hazina. Mweka hazina yupo, kiti cha tatu, anakunja karatasi ya hesabu mara mbili, mara nne. Ukumbi unatulia. Msemaji anamtazama, sauti inashuka: "Sisemi umekula, nasema hesabu hazijakaa sawa." Hesabu zinasomwa upya. Katika kundi la simu, tuhuma hiyohiyo inaandikwa saa nne usiku. Mmoja anaweka kidole gumba, mwingine anaongeza aliyosikia, wa tatu anakumbushia ya mwaka juzi. Kufika asubuhi kuna mstari mmoja wa kijivu: mweka hazina ameondoka kundini. Na hesabu hazijasomwa.

Lakini tusikipambe kikao. Katika ukumbi ule kijana hakupewa nafasi ya kusema, mlezi wa mgonjwa hakuweza kutoka, mwenye zamu ya usiku alikuwa kazini. Kundi la simu linawafikia wote watatu. Tena maandishi hubaki, na mweka hazina ambaye kweli amekula hupenda sana vikao visivyoandikwa.

Tofauti moja tu siwezi kuifumbia macho. Katiba ya chama hubadilishwa na wanachama. WhatsApp ilipopunguza idadi ya watu au makundi unayoweza kusambazia ujumbe kwa mkupuo hadi matano, India mwaka 2018 na duniani kote 2019, kisha 2020 ikaamua kwamba ujumbe uliokwisha kusambazwa sana uende kwa mlengwa mmoja kwa wakati, naamini ilifanya vizuri. Ila hakuna mwanakundi aliyepiga kura. Kanuni za namna watu wanavyozungumza siasa ziliandikwa ofisini mwa kampuni, na zinaweza kufutwa palepale.

Kanuni ambazo bado ziko mikononi mwetu ni za makundi yenyewe, na hapo ningeanza na moja. Tuhuma dhidi ya mtu ikitajwa kundini isijadiliwe usiku huo. Ipangiwe siku, tuseme baada ya siku tatu, mhusika aje na daftari lake, na wasioweza kufika wasikilize kwa simu na maswali yao yasomwe kwa sauti. Atakayesema hilo linachelewesha haki nitamwelewa, maana siku tatu ni nyingi kwa mwenye hasira. Ila katika siku hizo tatu mweka hazina bado ni mwanachama, na anayemtuhumu anajua atakaa naye ukumbi mmoja.