Kompyuta iwe lazima, lakini aanze kulazimishwa mwenye shule

Juzi nilimwakilisha dada yangu kwenye kikao cha wazazi katika shule moja ya kata. Mzee mmoja akanyoosha mkono, akauliza kwa nini watoto hawafundishwi Kompyuta wakati somo limo kwenye mtaala. Akajibiwa kwamba Kompyuta ni somo la hiari. Basi, ikawa imeisha hiyo, kikao kikahamia kwenye michango ya chakula cha mchana.

Jibu lile limenikaa kooni.

Mpwa wangu pale shuleni aliandika Kompyuta kwa mkono wake mwenyewe siku walipoambiwa wachague masomo. Karatasi ilirudi somo limekatwa kwa kalamu nyekundu, pembeni pameandikwa "hakuna mwalimu". Huyu mtoto amepewa hiari ya nini? Binti wa jirani, rika lake kabisa, yuko shule ya binafsi yenye chumba cha kompyuta na mwalimu wake, na anaingia humo kila wiki tangu kidato cha kwanza. Wote wawili watafanya mtihani uleule wa NECTA, kisha wataingia mtaani kugombea nafasi zilezile.

Somo likishaitwa la hiari, kwenye shule za serikali halina anayeulizwa. Mkuu wa shule haulizwi, afisa elimu haulizwi, na bajeti ya halmashauri haina haja ya kulitengea fungu. Mkaguzi akija anakuta kasoro za Hisabati na Kiswahili, lakini kukosekana kwa Kompyuta hakuhesabiki kuwa kasoro. Anayechagua kweli ni mzazi mwenye ada. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: asihitimu mtu kidato cha nne bila kusoma Kompyuta. Iwe lazima.

Najua tutaambiwa walimu hawapo. Mtaala mpya ulioanza kuingia madarasani Januari 2024 umeleta Historia ya Tanzania na Maadili, umeleta Elimu ya Biashara, na yote mawili ni lazima. Hakuna aliyesema tusubiri kwanza tuone kama walimu watatosha. Na Sera ya Elimu toleo la 2023 inasema elimu ya lazima itakuwa miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari, maana yake kuanzia 2027 kila mtoto anatakiwa afike kidato cha nne. Serikali ikishamlazimisha mtoto kukaa darasani miaka yote hiyo, nayo ina deni la kumfundisha anachokwenda kukutana nacho siku ya kwanza akitoka getini. Wengi wao kidato cha nne ndiyo mwisho wao wa kukaa mbele ya mwalimu.

Anayebisha, msimu wa kuomba mikopo ya elimu ya juu apite steshenari yoyote ya karibu na stendi. Atakuta foleni ya vijana waliomaliza kidato cha sita, kila mmoja amekumbatia bahasha yenye cheti cha kuzaliwa na barua ya mtendaji. Ndani yuko kijana mmoja na kompyuta mbili. Anamfungulia mwombaji barua pepe, anamtungia neno la siri, analiandika kwenye kaunta buku lake pamoja na namba ya mtihani na namba ya simu ya mzazi. Mwombaji amesimama nyuma, anautazama mgongo wa yule kijana. Akimaliza analipa, anapewa karatasi zilizochapwa, anaondoka. Kisha Bodi ya Mikopo inatangaza kufungua dirisha la marekebisho, na neno la siri liko kwenye kaunta buku. Nimemwona binti akizunguka stendi akiulizia steshenari iliyohama, analia, kwa sababu akaunti yake yote ilikuwa kwenye daftari la mtu baki ambaye hamjui hata jina. Binti huyo alifaulu kidato cha sita. Alisoma hesabu ngumu kuliko nilizowahi kusoma mimi. Hakuna mtu yeyote, kwa miaka yote aliyokaa shule, aliyewahi kumkalisha mbele ya kompyuta akamwambia: hili neno la siri ni lako, usimpe mtu.

Simlaumu kijana wa steshenari, anafanya kazi ambayo shule imeiacha. Lakini siyo mikopo tu. Kubadilisha tahasusi baada ya matokeo ni mtandaoni, kuomba kazi serikalini ni Ajira Portal, namba ya mlipakodi (TIN) ni mtandaoni, na kila mahali kuna mtu katikati anayelipwa na anayejua siri za watu.

Na nisieleweke kwamba nataka watoto wafundishwe kuchapa barua tu. Kujua kuitumia mashine ni hatua ya kwanza. Nataka waelewe inavyofikiri, waandike programu japo ndogo, wajue kwamba ile simu inayowakopesha hela usiku inafuata maelekezo yaliyoandikwa na binadamu. Sehemu ya kazi hiyo hata umeme haihitaji. Profesa Tim Bell na wenzake kule New Zealand wametengeneza masomo mazima ya sayansi ya kompyuta yasiyohitaji mashine. Wapange wanafunzi mstarini ovyo ovyo, waambie wajipange kwa urefu, sharti ni kwamba kila mara wanalinganishwa wawili tu walio jirani, aliye mrefu anasogea kulia. Rudia mpaka asiwepo wa kusogea. Mwanafunzi aliyehesabu amesogea mara ngapi ameshaanza kuelewa kwa nini programu moja ni ya haraka na nyingine inakwama.

Sasa nije kwenye hoja inayonisumbua, kwa sababu ina ukweli ndani yake. Ghana waliifanya TEHAMA kuwa mtihani wa lazima mwishoni mwa sekondari ya chini tangu 2011. Februari 2018 picha zikasambaa dunia nzima za mwalimu Richard Appiah Akoto wa Betenase, eneo la Ashanti, akichora kwa chaki za rangi dirisha zima la Microsoft Word ubaoni, kila kitufe mahali pake, kwa sababu shule yake haikuwa na kompyuta. Watu walimsifu, na anastahili. Mimi nilikasirika. Watoto wale walikuwa wanapimwa, tena kwa mtihani wa taifa, juu ya kitu ambacho serikali yao haikuwaletea. Lazima ya namna hiyo inamwangukia mtoto peke yake, na sisi tumeshawahi kuionja: miaka nenda rudi shule za kata zilifanya mtihani mbadala wa vitendo, mtu anamaliza Kemia bila kushika bureti. Mpaka ikaja amri ya Rais Kikwete ya kila shule ya kata kuwa na maabara tatu, wananchi wakachangishwa, na hata hapo kuna majengo yaliyobaki matupu.

Hilo nalikubali. Na Hisabati ni lazima tangu enzi, bado F zinamwagika kila mwaka. Sawa. Hakuna aliyependekeza tuiondoe Hisabati.

Ndiyo maana mfano ninaoushikilia ni wa Arkansas, Marekani, jimbo ambalo halimo kabisa kwenye orodha ya majimbo tajiri. Mwaka 2015, chini ya Gavana Asa Hutchinson, walipitisha sheria iliyobana shule kwanza: kila sekondari ya umma lazima iwe na darasa la sayansi ya kompyuta, mtoto akitaka alikute. Zikatengwa fedha za kuwanoa walimu waliokuwepo. Sheria ya kumbana mwanafunzi ilikuja 2021, na ikaanza na walioingia darasa la tisa, mwanzo wa sekondari yao, mwaka 2022. Kati ya sheria ya shule na sheria ya mtoto ilipita miaka sita. Jiji la Chicago nalo lilianza kuandaa shule zake mwishoni mwa 2013, likapitisha sharti Februari 2016, na wa kwanza kubanwa wakawa wahitimu wa 2020. Hakuna mtoto aliyeamshwa asubuhi akaambiwa hutahitimu.

Vifaa sivioni kama kikwazo kikubwa kama watu wanavyosema. Vishikwambi karibu 300,000, vikiwemo vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022, viligawiwa kwa walimu. Kenya waligawa zaidi ya milioni moja kwenye shule za msingi kuanzia 2016, vingi vikaishia kufungiwa kabatini kwa kukosa mtu wa kuvitumia. Mwalimu ndiye anayekosekana, na walimu waliohitimu tunao mitaani, wengine wanaendesha bodaboda wakisubiri tangazo la ajira. Mwalimu mmoja kwa shule mbili za kata zinazopakana ingetosha kuanzia.

Kwa hiyo nataka Wizara ya Elimu na TAMISEMI watoe waraka wenye tarehe mbili. Ya kwanza ni ya halmashauri: mwaka ambao kila sekondari ya serikali itakuwa na mwalimu wa Kompyuta na mashine zinazowaka. Ya pili ni ya mwanafunzi, na ihesabiwe kuanzia kidato cha kwanza kitakachoingia baada ya hapo, ili apate miaka minne kamili. Ya kwanza isipotimia, ya pili isogezwe, mtoto asiguswe. Na halmashauri zilizoshindwa zisomwe kwa majina mbele ya waandishi wa habari, kama zilivyokuwa zikisomwa shule kumi za mwisho.