Mhudumu wa Dharura Afunzwe kwa Lugha ya Mgonjwa

Katika wiki ya pili ya mafunzo yangu ya uhudumu wa dharura, hapa Mombasa, mkufunzi alitupigisha magoti mbele ya midoli ya mazoezi na kutuagiza tubonyeze kifua mara 30, kisha tupulize pumzi 2, huku tukihesabu kwa sauti. Mwenzangu mmoja kutoka Likoni alihesabu kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha aliyohesabia tangu utotoni. Hadi kumi, mikono yake ilikwenda vizuri. Alipoingia "kumi na moja" ikaanza kukokota, na kwenye "ishirini na saba" ikawa inausubiri ulimi umalize. Kasi inayotakiwa kwa mtu mzima ni mibonyezo 100 hadi 120 kwa dakika, yaani kila mbonyezo una kama nusu sekunde tu, na neno lenye silabi saba haliwezi kuenea humo. Mkufunzi akamwambia ahesabu kwa Kiingereza, naye akatii.

Mpaka leo naamini kwamba jibu lile lilikuwa la haraka mno. Angemwambia tu ahesabu moja hadi kumi, mara tatu. Maneno yetu yote kumi, kuanzia moja hadi kumi yenyewe, yana silabi mbilimbili, hata "nne", na yakitamkwa mfululizo yanapiga kama ngoma. Mwanafunzi akishika mwendo huo, mikono haichelewi.

Nimeanza na hesabu kwa sababu inaonekana ni jambo dogo, lakini tatizo lile lile linajitokeza katika kila hatua ya mafunzo haya. Vitabu vyetu ni vya Kiingereza, mtihani ni wa Kiingereza, na hata herufi tunazokariri ili tusisahau maswali ya kumuuliza mgonjwa zimetungwa kwa Kiingereza. Sipingi majina ya dawa wala ripoti ya kumkabidhi mgonjwa hospitalini kubaki katika lugha hiyo, maana ndiyo inayotumika humo na kuibadilisha njiani kungeleta mkanganyiko. Ninachopinga ni mwanafunzi kumaliza kozi nzima bila kupimwa hata mara moja kama anaweza kumhoji mgonjwa kwa lugha ambayo mgonjwa huyo ataitumia akiwa na maumivu.

Chukua maumivu ya kifua. Mtu wa Pwani akikuambia "kifua kinanichoma", huenda anasema moto, kama kiungulia kinavyochoma, na huenda anasema ncha, kama sindano inavyochoma au kichomi kinavyokata ubavuni kila avutapo pumzi. Fomu yetu ina neno moja la moto na jingine la ncha, na mwanafunzi ambaye hajafundishwa kuuliza zaidi atachagua mojawapo kwa kubahatisha. Akisema "kinanibana", kazi bado ipo, kwa kuwa moyo unaokosa damu hubana, na pumu nayo hubana. Hapo panahitajika swali la pili lililofanyiwa mazoezi mapema: "Kinabana kama umewekewa mzigo juu yake, au ni pumzi ndiyo haitoki?" Swali kama hilo halizuki lenyewe kando ya barabara, watu wamekuzunguka na kila mmoja anakuhimiza umpakie mgonjwa upesi.

Kisha kuna saa. Katika zoezi la mgonjwa wa kiharusi, mwigizaji aliyeigiza jirani yake aliniambia, "Ilimwanza saa tatu asubuhi," na mkono wangu, uliokuwa ukijaza fomu ya Kiingereza kwa haraka, ukaandika tarakimu niliyoisikia, 3, ambayo kwenye fomu hiyo ni saa tisa usiku. Zoezi lilikuwa la saa nne na nusu asubuhi. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda katika ubongo hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, baada ya picha ya kichwa kuthibitisha kwamba hakuna damu inayovuja. Kwa karatasi yangu, mgonjwa yule alikuwa amepitwa na dawa, ilhali ilikuwa imepita saa 1 na nusu tu. Sote tunajua kugeuza saa tukiwa tumetulia. Kuigeuza huku mapigo ya moyo wako yakienda mbio ni ujuzi mwingine, nao unahitaji kufundishwa.

Sheria ya nchi iko upande huu. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, inasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 inaihesabu huduma inayotolewa kabla ya kufika hospitalini kuwa sehemu ya matibabu hayo. Sheria hiyo hiyo inamtaka mtoa huduma, inapowezekana, amweleze mgonjwa kwa lugha anayoielewa.

Somo lililonikaa zaidi sikulipata darasani. Nikiwa katika mafunzo ya ambulensi, tuliitwa kwa bibi mmoja aliyeteleza kwenye ngazi huko Mji wa Kale. Mwenzangu mkongwe alipiga goti, akamshika mkono, akasema, "Shikamoo, Bibi." Akajibiwa, "Marahaba, mwanangu." Kabla sijafungua mkoba, yeye alikuwa ameshajua kwamba njia ya hewa iko wazi, kwamba pumzi inatosha kutamka neno zima bila kukatika, kwamba bibi anasikia, na kwamba anamtambua aliye mbele yake kuwa ni mdogo kwake. Kweli, marahaba humtoka mtu kwa mazoea, kwa hiyo bado alimuuliza yuko wapi na leo ni siku gani. Lakini alianza pale ambapo bibi alikuwa tayari kujibu, na bibi hakuogopa tulipomfunga kifaa cha kutuliza shingo.

Ombi langu kwa vyuo ni kituo kimoja tu katika mtihani wa vitendo: mwigizaji anayesema Kiswahili peke yake, aliyelala sakafuni, mwenye kifua kinachochoma tangu saa tatu, na jamaa wawili wanaotaka kumwinua. Mtahiniwa awazuie kwa heshima, aamkie, aulize, aandike saa sahihi, kisha ndipo atoe ripoti yake kwa Kiingereza.