Nyumba kubwa, mazishi ya watu wachache

Wamarekani husoma The Great Gatsby ya F. Scott Fitzgerald wakiwa shuleni, na wengi huikumbuka kama hadithi ya pesa na mapenzi. Mimi, Mkenya, niliisoma ukubwani, hapa Minnesota, Marekani, na kilichoniingia ni mazishi.

Riwaya hiyo ilitoka 1925. James Gatz, kijana wa North Dakota, anajiita Jay Gatsby, anatajirika kwa magendo na kuishi kwenye jumba karibu na New York, watu wakifurika kwenye karamu zake. Anapouawa, jirani yake Nick anahangaika kutafuta wazikaji. Jamaa mmoja aliyekuwa akilala mle jumbani kama kwao anapiga simu: shida yake ni viatu vya tenisi alivyovisahau, atumiwe. Siku ya maziko mvua inanyesha. Yupo Nick, watumishi wachache, mtu wa posta, mgeni mmoja wa zile karamu, na baba mzazi.

Huyo baba ndiye anayeniumiza. Amesafiri kutoka huku Minnesota na picha ya jumba la mwanawe, imechakaa kwa kushikwashikwa, na anasimulia kwa fahari kwamba mtoto alimnunulia nyumba. Kumbe Gatsby alikuwa akikumbuka kwao! Wangapi kati yetu tunatuma hela nyumbani, tumewajengea wazazi, kisha tumeishia hapo?

Wapo Wamarekani wengine vitabuni. Katika The Grapes of Wrath ya John Steinbeck (1939), familia ya Joad inahama Oklahoma kwenda California kwa sababu ya vikaratasi vya kutangaza kazi; nasi tunawajua mawakala wa kazi wa namna hiyo. Babu anafia njiani. Hela ya mazishi ndiyo hela ya safari, kwa hiyo wanachimba kaburi wenyewe kando ya barabara na kumwekea karatasi yenye jina lake ndani ya chupa. Hao nawaelewa.

Sisi Wakenya wa huku, mtu akifariki, jioni hiyohiyo kundi la WhatsApp la michango limefunguliwa, mweka hazina amepatikana, na nyumbani kwa wafiwa chai inachemka. Siku hizi wenzetu wanajitoa kwenye makundi hayo wakisema michango imezidi. Anayefanya shifti mbili alipe kodi ya nyumba simlaumu. Kiwango kikizidi, tukishushe. Lakini kwenda kukaa na wafiwa hakuna kiwango, na hapo sioni sababu ya mtu kujitoa.