Mwagilia kwa Uzito wa Chungu, Si kwa Ratiba

“Mwagilia kila siku, asubuhi na jioni.” Anayeanza kupanda kwenye vyungu huambiwa hivyo karibu kila anapouliza, na kwa maoni yangu ni ushauri mbaya kuliko wote. Kalenda haijui udongo wako umelowa kiasi gani.

Mizizi inahitaji maji, na inahitaji hewa pia. Kati ya chembe za udongo kuna vinafasi ambavyo maji yakipungua hewa huingia. Ukimwagilia kabla havijapata nafasi ya kupumua, oksijeni inakwisha, mizizi inaanza kufa, na vimelea vya kuozesha vinamalizia kazi. Mzizi uliooza hauvuti maji, kwa hiyo majani yananyauka ingawa udongo ni tope. Mwenye mmea akiona majani yamelala, anaongeza maji. Hapo ndipo mimea mingi inapopotea, mikononi mwa mtu anayeijali kwa dhati.

Kwa hiyo gusa udongo kabla ya kuamini majani. Mmea wenye kiu huwa na majani membamba yaliyolegea, ncha zinakauka, na chungu ni chepesi. Mmea uliozidiwa na maji huwa na majani ya chini ya manjano, yaliyo laini, udongo una harufu ya uvundo, na mara nyingi vijinzi vidogo vyeusi vinarukaruka juu yake. Kuna pia mmea unaolegea saa za jua kali na kusimama tena jua likishuka. Huo, kama udongo bado una unyevu, uache.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni mkono. Mwagilia chungu mpaka maji yatoke kwenye matundu ya chini, subiri kama nusu saa yaache kudondoka, kisha kinyanyue uuhisi uzito wake. Kinyanyue tena kila siku. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, hivyo chungu kilichopoteza lita moja kimepungua kilo nzima, na mkono hauwezi kukosa kuihisi. Thibitisha kwa kidole: kiingize sentimita 3 hadi 5. Kwa mboga na maua ya kawaida, kina hicho kikiwa kikavu na chungu kimekuwa chepesi, mwagilia. Kwa mshubiri na jamii yake yenye majani manene, subiri udongo ukauke mpaka chini. Chungu kisichonyanyulika, choma kijiti kikavu cha mbao sentimita 15, kiache dakika chache, kichomoe. Kikitoka na udongo ulioganda na rangi iliyokolea, bado.

Ukifika wakati wa kumwagilia, mwagilia kweli. Kikombe kimoja kila siku hulowesha juu tu, mizizi ya chini inabaki na kiu, na chumvi za mbolea zinajikusanya bila kusukumwa nje. Ndio ule ukoko mweupe juu ya udongo. Mimina polepole mpaka karibu sehemu moja ya kumi ya maji itoke chini, kisha yale yaliyokusanyika kwenye kisahani cha chini yamwage. Maji yakipita haraka mno na chungu kikabaki chepesi, udongo umekauka ukajitenga na kuta na maji yanateremka pembeni. Kiweke chungu kwenye beseni la maji dakika 20 hadi 30, kisha kitoe kichuje.

Kokoto chini ya chungu hazisaidii. Maji hayashuki kwa urahisi kutoka udongo laini kwenda kwenye kokoto kubwa. Hukaa kwanza juu yake, na tabaka lililolowa linasogea karibu zaidi na mizizi. Toboa matundu ya kutosha, basi.

Chungu cha udongo wa kufinyanga hukauka haraka kuliko cha plastiki, na chungu kidogo hukauka haraka kuliko kikubwa. Mnyanya wenye matunda, juani na penye upepo, unaweza kutaka maji kila siku, na ukiukausha kisha ukaulowesha mara kwa mara matunda yatapasuka au kuoza kitako. Mche mdogo ndani ya chungu kikubwa una tatizo la upande wa pili: mizizi haiufikii udongo wote, nao unakaa umelowa siku nyingi. Uhamishe hatua kwa hatua, kila chungu kipana kwa sentimita 3 hadi 5 tu kuliko kilichotangulia.

Kama umeshazidisha maji, acha kumwagilia na weka mmea kivulini penye hewa. Udongo ukinuka, utoe mmea wote, kata mizizi ya kahawia iliyo laini, bakiza ile migumu, upande kwenye udongo mpya, na usiweke mbolea mpaka majani mapya yachomoze.