Pilau la dabi halina mwenyewe

Kuna watu wakisikia Simba na Yanga wanawaza tiketi, wanawaza jezi, wanawaza nani anaanza namba tisa. Mi nawaza vitunguu. Maana kwangu siku ya dabi lazima pilau, sijui nani alipitisha hii sheria, na mpishi ni mimi kwa sababu mama watoto ni Yanga kindakindaki na alishatamka mbele ya mashahidi kwamba yeye hasimami jikoni kuwapikia Makolo, yaani sisi Simba. Nikamwambia si hata kaka yako atakula, Yanga mwenzio yule, akanijibu huyo mpikie wewe, ni shemeji yako.

Haya, twende buchani. Ukiingia na jezi nyekundu muuza nyama naye ghafla anakuwa mtani, anakukatia mfupa mtupu anakwambia huu ndo saizi yenu, unacheka kinafiki huku unahesabu hela, ukifika nyumbani ukifungua mfuko unakuta umenunua supu. Iliki nazo siku hizi unafungiwa kwenye kikaratasi punje chache kama dawa ya minyoo. Bado mdalasini, bado karafuu, bado binzari nyembamba, bado kitunguu saumu ambacho kumenya tu ni adhabu, na hapo hujalipia kisimbusi na luku ya umeme inasoma uniti mbili.

Sasa wasiopika hawalijui tatizo lenyewe. Rangi ya pilau inatoka kwenye vitunguu, lazima uvikaange mpaka viwe kahawia iliyokolea, na vile vitu vina roho mbaya, dakika zote viko vyeupe tu vinakutazama, ukigeuka kidogo kuangalia faulo vimeshaungua na pilau zima linakuwa chungu. Na dabi nayo ni hivyohivyo, dakika themanini watu wanapigana vikumbo tu katikati, ukigeuka, goli. Macho ni mawili na yote yanatakiwa sehemu mbili. Kwa hiyo mi magoli nayasikia tu, toka jikoni. Sebuleni wakipiga kelele za kike na za kiume kwa pamoja najua tumefungwa, kukiwa kimya nashukuru Mungu, ingawa kuna siku nilishukuru weee kumbe luku imekata.

Novemba 5, 2023 si mnaikumbuka, na kama wewe ni Yanga najua unaikumbuka kuliko siku ya harusi yako. Musonda katangulia kutufunga, Kibu Denis akarudisha, lile la Kibu nimesimuliwa nilikuwa natwanga tangawizi. Mapumziko 1-1. Nikasema safi, mchele uingie sasa, maji yakikauka napalia makaa juu ya mfuniko, nakuja kukaa kwa amani nione Mnyama anavyomaliza kazi. Nikaenda kugeuza, nikasikia kelele. Nikaenda kuonja chumvi, kelele. Nikajua wanarudia lilelile goli kwenye tivii, si unajua wale watangazaji wanavyopenda marudio. Natokea na kitambaa begani nauliza ngapi ngapi, hakuna anayenijibu, mama watoto amemkumbatia kaka yake wanaruka. 5-1! Shem ananinyooshea vidole vitano mpaka puani, na mkono huohuo hata haukupoa, ukashuka moja kwa moja kwenye sinia la pilau langu.

Nikajitetea, nikasema nyie 2012 si tuliwapiga 5-0? Na 1977 je, sita bila? Akatafuna taratiiibu, akameza, akaniambia na 1968 tuliwapiga tano bila, ulikuwepo? Sikuwepo, na yeye hakuwepo, lakini aliyeshinda leo ndo anakuwa profesa wa historia. Nikamwongezea kachumbari yenye pilipili ya kutosha, ila jamaa pilipili anakula kama hakuna kilichotokea.

Halafu ikaja ile ya Machi 8, 2025, hiyo ndo msiniguse kabisa. Mwezi wa Ramadhani, mechi saa moja na robo usiku, nikaona hesabu imekaa vizuri, watu wanafuturu halafu mpira. Nikapanga futari ya dabi, mihogo ya nazi, tambi, uji wa pilipili manga, na pilau la kusindikiza kipindi cha pili. Nimefunga, nachemsha nyama mchana kweupe, inanukia na kuonja siwezi. Simu inaita, hakuna mechi! Usiku wa kuamkia siku hiyo Simba walizuiwa kufanya mazoezi Uwanja wa Mkapa, wakasema basi hatuchezi, na siku yenyewe ikatangazwa imeahirishwa. Mambo ya wakubwa mi siyaingilii, ila jamani nyama ikishachemka imechemka, unaiahirishaje? Magharibi shem huyo mlangoni. Namuuliza hujasikia mechi haipo? Ananiambia nimesikia, nimekuja kufuturu.

Na mechi yenyewe ikaja kupigwa Juni 25, nikapika upya, tukafungwa 2-0. Yaani mapilau mawili kwa kipigo kimoja.

Tena hata Yanga wakiwa hawachezi sipumui. Fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka huohuo tunacheza na Berkane, tumetoka kupigwa 2-0 Morocco, marudiano Amaan Zanzibar, nikasema leo tuko kimataifa, leo ni utaifa. Utaifa gani! Shem kaja anaishangilia Berkane, anaitamka Bekani, ukimpa ramani hata Morocco yenyewe anakuonyesha Sudani, lakini kila Simba wakipoteza mpira anapiga makofi mpaka wali unamruka mdomoni. Ikaisha 1-1, kombe likaondoka na wali ukaondoka.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mi mwenyewe sili. Tukifungwa chakula hakipiti, tukishinda natoka nje kupiga mluzi na bodaboda, nikirudi nakuta ukoko tu, nao watoto wanaugombania. Safari moja nikajaribu kuangalia kwenye simu hukohuko jikoni ili nisipitwe, aisee, simu iko nyuma ya dishi la jirani karibu dakika nzima, kwangu beki ndo anarusha mpira, kwa jirani ukuta mzima unatetemeka, sasa hapo unaangalia nini tena, ni bora vitunguu.

Juzi nimemwita shem nikamwambia kiutu uzima, sikiliza, maisha yamepanda, dabi ijayo hakuna pilau, ni ugali na dagaa. Nikajua atanuna. Akaniambia sawa tu shem, ila dagaa wa Kigoma, na uwaunge na nazi.